Shuruti ya dola: kati ya maelezo manne, ushike yapi?

Ukitaka kuandika insha, kujenga hoja au kuelewa tu habari za siku kuhusu shuruti ya dola, utakutana na maelezo manne yanayogombania nafasi moja. Yote yanazungumzia kitu kilekile: serikali kumlazimisha mtu afanye asichotaka, au aache anachotaka, ikiwa na polisi, mahakama, faini na jela nyuma yake. Yanaachana njia ukiyauliza shuruti hiyo inahusiana vipi na sheria, na inahusiana vipi na mamlaka.

Wanafunzi wengi huchagua kwa ukubwa wa jina la mwenye nadharia, au kwa kuangalia mhadhiri anampenda nani. Maksi zinaweza kupatikana hivyo, lakini uelewa ni habari nyingine. Dola inapomkamata mwizi, ikamfikisha mahakamani na kumfunga, nadharia zote nne zinaeleza vizuri, kwa hiyo tukio la namna hiyo halikusaidii kuchagua. Zipime pale ambapo shuruti karibu haikuhitajika, pale ilipokuwepo tele ikashindwa, na pale ilipofanya kazi yake sawasawa halafu sheria yenyewe ikaikana. Nimechukua tukio moja kwa kila hali.

Matukio ya kupimia

Sweden, alfajiri ya 3 Septemba 1967. Hadi siku ile Waswidi walikuwa wakiendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Katika kura ya maoni ya 1955, zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walikataa kuhamia kulia, lakini bunge likapitisha mabadiliko hayo 1963. Siku yenyewe ilipofika, magari machache yaliyoruhusiwa kuwa barabarani yalitakiwa kusimama saa kumi na dakika hamsini alfajiri, yavuke taratibu kwenda kulia, yasubiri, kisha saa kumi na moja kamili yaendelee na safari. Yakaendelea. Nchi nzima ilibadili upande ndani ya dakika kumi, na wengi waliotii ni watu walewale waliokuwa wameikataa hoja hiyo kwenye sanduku la kura.

Leipzig, jioni ya 9 Oktoba 1989. Ujerumani Mashariki haikupungukiwa na vyombo: ilikuwa na jeshi, polisi, wanamgambo wa viwandani, na idara ya usalama, Stasi, yenye watumishi wa kudumu takriban 91,000. Siku tatu kabla, gazeti la chama la mji huo lilichapa barua ya kamanda wa wanamgambo akisema wako tayari kuulinda ujamaa, ikibidi kwa silaha mkononi. Hospitali zilijiandaa kupokea majeruhi. Watu wapatao 70,000 wakajaa kwenye barabara inayozunguka katikati ya mji, wakiimba kwamba wao ndio wananchi na kwamba hawataki mabavu. Hakuna risasi iliyolia. Mwezi mmoja baadaye, 9 Novemba, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Frankfurt, Oktoba 2002. Polisi walikuwa wamemkamata mtu aliyemteka mtoto wa miaka 11. Waliamini mtoto bado yu hai, na mtuhumiwa alikuwa akiwapiga chenga. Naibu mkuu wa polisi wa mji akaagiza atishiwe kwamba atapewa maumivu makali asiposema, na jambo hilo akaliandika mwenyewe kwenye jalada. Vitisho vikafanya kazi: ndani ya dakika chache mtuhumiwa alisema mtoto yuko wapi. Alikuwa ameshamuua. Mtekaji alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini mwaka 2004 mahakama ya Frankfurt iliwatia hatiani pia yule naibu mkuu na mpelelezi aliyetekeleza agizo lake. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba Ujerumani ilikuwa imevunja katazo la kumtendea mtu unyama, katazo ambalo halina nafasi ya kujitetea hata kwa kutaka kuokoa maisha.

Maelezo ya kwanza: amri na adhabu

Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliandika 1651, Uingereza ikiwa imetoka kuchinjana yenyewe kwa yenyewe, akasema mapatano yasiyo na upanga nyuma yake ni maneno matupu. John Austin, mwanasheria wa Kiingereza, akaibana fikra hiyo 1832: sheria ni amri ya mkuu ambaye watu wamezoea kumtii, naye hana mazoea ya kumtii mtu mwingine, na asiyetii ataona cha mtemakuni. Kwa mtazamo huu, mamlaka, sheria na shuruti ni kitu kimoja kilichovaa nguo tofauti. Ni mwenye nguvu mpishe, kwa Kiingereza cha mawakili.

Uzuri wake ni kwamba haupambi kitu. Ubaya wake unaonekana haraka ukianza kuupima. Kwa Sweden utaambiwa madereva waliogopa faini. Lakini ambaye angebaki kushoto alfajiri ile asingekuwa na muda wa kuwaza faini. Angewaza gari linalomjia usoni. Alichohitaji kwa sheria ni kujua wenzake wote watakuwa upande gani. Kwa Leipzig hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mkuu alikuwepo, amri zilikuwepo na tishio lilichapwa gazetini. Austin anaweza kujitetea kwamba watu walikuwa wameacha mazoea ya kutii, na atakuwa amesema kweli, ila kwa nini waliacha, na kwa nini wenye bunduki nao waliacha, hana la kusema. Frankfurt ndiyo inayomaliza mchezo: kama sheria ni amri za mwenye upanga kwa wasio nao, imekuwaje upanga umgeukie aliyeushika?

Kuna pigo la nne, ambalo H. L. A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, alilitoa vizuri 1961. Sehemu kubwa ya sheria haimwamrishi mtu chochote. Sheria ya wosia haikuadhibu usipoandika wosia. Inakuambia tu ukitaka mali yako igawiwe upendavyo, fuata utaratibu huu na mashahidi wawe wangapi. Mikataba, ndoa na kampuni ni vivyo hivyo.

Hata hivyo sikubali watu wanaoitupa nadharia hii jalalani. Chukua sheria za pasi za Afrika Kusini, yaani za vibali ambavyo Mwafrika alilazimika kutembea navyo, zilizofutwa 1986 tu. Mwafrika aliyekutwa bila pasi aliishia mahabusu, na sheria ile ilitungwa na bunge asilolichagua, ikasimamiwa na mahakama ambazo hazikuwa zake. Tarehe 21 Machi 1960 huko Sharpeville, watu 69 waliuawa na polisi katika maandamano ya kuzipinga pasi hizo. Ukiwa upande ule wa bunduki, maelezo ya Austin ni sahihi kuliko wanavyokiri maprofesa: kwako sheria ni amri na adhabu, basi.

Maelezo ya pili: mwenye hodhi ya nguvu

Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, aliwaambia wanafunzi wa Munich, 28 Januari 1919, mapinduzi yakiwa yanaendelea nje ya ukumbi, kwamba dola ni jumuiya ya watu ambayo, katika eneo fulani, inadai kwa mafanikio kuwa peke yake ndiyo yenye haki ya kutumia nguvu; upekee huo ndio hodhi. Wengine wakitumia nguvu, wanaitumia kwa ruhusa yake.

Ndiyo fasili inayonukuliwa kuliko zote, na inayokatwa vibaya kuliko zote. Watu huacha sehemu ya "haki" na ile ya "kwa mafanikio", wakabaki na dola kama genge kubwa kuliko magenge mengine. Wakifanya hivyo wamemrudisha Weber kwa Austin bila kumuaga. Kwa Weber, mtawaliwa anakubali kwamba anayeamuru anastahili kuamuru, ama kwa mila, ama kwa haiba ya kiongozi, ama kwa kuwa kanuni zimefuatwa. Shuruti ni zana ya mwisho ya dola, na dola inayolazimika kuitumia kila saa imeshaanza kuugua.

Inafaa sana unapotaka kujua kama mahali fulani pana dola au hapana. Wanamgambo wakiweka vizuizi barabarani na kutoza kila lori linalopita, na serikali isiweze kuwaondoa, huna haja ya kusoma katiba, hodhi imevunjika. Leipzig inaeleweka pia: imani ilishatoka kabla bunduki hazijashushwa. Inachokosa ni hukumu. Weber anaeleza kama watu wanaamini serikali ina haki, hasemi kama wanaamini sawasawa. Mpelekee kesi ya Frankfurt, atakuonyesha kwamba ofisa wa dola ya kisasa naye anafungwa na kanuni. Ukimuuliza kwa nini kanuni hiyo moja isipinde hata mbele ya uhai wa mtoto, atakuelekeza kwa wanasheria.

Maelezo ya tatu: sheria ndiyo inayoiruhusu na kuibana

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye kazi.

Hans Kelsen, mwanasheria wa Austria, katika nadharia aliyoitoa 1934, alikubali kwamba sheria ni mfumo wa shuruti, ila akauliza swali jingine: nani amemruhusu huyu kushurutisha? Jambazi na mtoza kodi wote wanataka fedha yako na wote watakudhuru ukikataa. Tofauti ni kwamba nyuma ya mtoza kodi kuna mnyororo: sheria ya kodi, bunge lililoitunga, katiba iliyolipa bunge uwezo. Nyuma ya jambazi hakuna kitu. Hart akaongeza kwamba aliyeelekezewa bunduki alilazimika kutoa fedha, lakini hakuwa na wajibu wa kuitoa. Sheria inadai wajibu, na inautimiza pale ambapo angalau maofisa wake wanazichukulia kanuni kuwa kipimo cha matendo yao wenyewe.

Tazama deni la kawaida linavyodaiwa. Mdai anafungua kesi. Mdaiwa anapelekewa wito, anapewa nafasi ya kujibu. Hukumu inasomwa, muda wa rufaa unahesabiwa. Mdai anaomba utekelezaji, hakimu anatoa hati, na hapo tu ndipo dalali wa mahakama anabisha hodi. Anaonyesha hati, anaandika orodha ya anavyochukua, na katika nchi nyingi kuna vitu haruhusiwi kugusa, kama vifaa ambavyo mdaiwa anafanyia kazi yake ya riziki. Mikono inayobeba kabati ni mikono ya shuruti kwa kila hali, na mdaiwa anaumia. Lakini toa karatasi moja kati ya zile, tuseme wito haukumfikia, na dalali yule mbele ya sheria anakuwa mtu aliyeingia nyumba ya watu na kubeba mali yao. Kitendo ni kilekile. Kilichobadilika ni idhini.

Ndiyo maana Frankfurt haiwasumbui watu wa kambi hii. Sheria ni msumeno, na maelezo haya pekee ndiyo yanayoonyesha meno yake yote: mtekaji kafungwa, na aliyemtisha mtekaji naye katiwa hatiani. Kambi hii pia ndiyo inayokupa vipimo vya kiasi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi hawezi kumpiga risasi ya kuua mtuhumiwa anayekimbia kwa sababu tu anakimbia. Lazima kuwe na sababu ya kuamini kwamba anahatarisha maisha ya watu au atawadhuru vibaya. Kumkamata mtu kunaruhusiwa, ila si kwa gharama yoyote ile. Sweden nayo inakaa vizuri, kwa kuwa sheria hapa inaweza kuongoza watu bila kuwatisha.

Udhaifu wake ni Leipzig, na si udhaifu mdogo. Karatasi za Ujerumani Mashariki zilikuwa zimekamilika. Maagizo yalipita ngazi zote, na Kelsen mwenyewe alikiri kwamba, kwa nadharia yake, kitu chochote kinaweza kuwa sheria kikipita njia sahihi. Basi askari wa mpakani aliyempiga risasi mtu anayetoroka alikuwa na idhini? Baada ya Ujerumani kuungana, mahakama ziliwatia hatiani askari kadhaa na wakubwa zao, zikitegemea kwa sehemu wazo la mwanasheria wa Kijerumani Gustav Radbruch la mwaka 1946, kwamba sheria iliyokithiri katika dhuluma haistahili kuitwa sheria. Mwaka 2001 Mahakama ya Ulaya ilikubali kwamba hukumu hizo hazikuvunja haki za washtakiwa. Kwa hiyo ukishika maelezo ya tatu, mshike na Radbruch mkono wa pili. Bila yeye utajikuta unatetea kila mhuri.

Maelezo ya nne: mabavu si mamlaka

Hannah Arendt, mwanafikra wa siasa mzaliwa wa Ujerumani, katika maandishi yake ya 1970, alitenganisha vitu ambavyo wenzake watatu walivichanganya kwa viwango tofauti. Mamlaka, kwake, huzaliwa watu wanapotenda pamoja, na hudumu wakiendelea kuwa pamoja. Mabavu hutegemea zana. Serikali inayopoteza mamlaka hushawishika kushika zana, na ikizishika inathibitisha tu kwamba mamlaka yametoroka. Bunduki inaweza kumfanya mtu atii papo hapo. Kuzalisha mamlaka haiwezi.

Leipzig ni kama iliandikwa kwa ajili yake, ingawa alikuwa ameshafariki tangu 1975. Zana zote zilikuwepo, ila zana hazijifyatui. Zinahitaji watu wanaoendelea kukubaliana na wanaozielekeza. Kodi ya kichwa ya Uingereza inaingia hapa pia: ilianza Scotland 1989, ikafika England na Wales 1990, mamilioni wakagoma kulipa, mahakama zikafurika kesi, na 1993 nafasi yake ikachukuliwa na kodi nyingine. Shuruti imeundwa kwa ajili ya wakaidi wachache. Ukaidi ukiwa wa wengi, mahakimu na magereza havitoshi.

Sasa weka pembeni mwaka uleule wa 1989, Beijing, 4 Juni. Vifaru viliingia, waandamanaji wakauawa, na chama kilichotoa amri bado kinatawala. Waandamanaji wa Leipzig walikuwa wanalijua hilo, maana watawala wa Ujerumani Mashariki walikuwa wameiunga mkono China hadharani, na ndiyo sababu ya hofu ya jioni ile. Arendt alikubali kwamba mabavu yanaweza kuyaangamiza mamlaka. Kwamba yanaweza pia kununua muda ambao mamlaka mapya yatajengwa humo, kwa uchumi, kwa shule na kwa ukimya, hilo halina nafasi ya kutosha kwake. Na kwa Frankfurt hana msaada: mpelelezi na mtuhumiwa ndani ya chumba si suala la watu kutenda pamoja.

Utaniuliza Lenin yuko wapi, na Gramsci, mkomunisti wa Italia, na Foucault, mwanafalsafa wa Kifaransa. Sijawasahau. Wao wanajibu maswali ya jirani. Lenin, 1917, aliuliza shuruti inamlinda nani, akajibu tabaka linalotawala. Gramsci aliona tabaka hilo hutawala zaidi kwa kuwashawishi watu kuliko kwa rungu, na Foucault, 1975, aliangalia jinsi shule, kambi na gereza vinavyomfinyanga mtu hadi rungu lisihitajike sana. Waongeze juu ya utakachochagua. Ukimfanya mmoja wao msingi, kila faini ya kuegesha gari itakuwa njama.

Basi uchague lini lipi

Kama swali lako ni la ofisa na mtu mmoja, yaani kukamatwa, kupekuliwa, kufukuzwa kwenye nyumba, kutozwa faini, kunyimwa dhamana, shika ya tatu na usihangaike na nyingine. Itakupa maswali ya kuuliza kwa mpangilio: nani kaidhinisha, kwa sheria ipi, kwa kiasi gani, na anayeonewa analalamika wapi.

Kama ni swali la umma na serikali, mgomo, maandamano, kuanguka kwa utawala, anza na ya nne na uiwekee Beijing mezani mapema kabla mpinzani wako hajaiweka. Weber mtumie kufungua insha na kupima kama kuna dola. Ukimaliza ukurasa wa kwanza mshukuru uendelee. Austin mhifadhi kwa sauti ya waliotungiwa sheria bila kuulizwa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumchanganya Austin na Arendt katika aya moja. Mmoja anasema tishio ndilo mamlaka, mwingine anasema tishio ni dalili ya upungufu wake. Huwezi kuwaegemea wote wawili kwa wakati mmoja bila insha kupasuka katikati.

Ikiwa mada yako ni sheria ya kimataifa, chagua kwa uangalifu zaidi, maana huko hakuna polisi wa kubisha hodi. Austin alisema wazi kwamba si sheria, ni maadili tu. Kelsen alijaribu kuokoa jahazi kwa kuhesabu vita na hatua za kulipiza kisasi kuwa ndizo adhabu zake. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria kwa kuwaunga mkono waasi wa Nicaragua na kutega mabomu bandarini. Marekani haikutekeleza, na Baraza la Usalama lilipoletewa suala hilo ikatumia kura yake ya turufu. Kwa maelezo ya kwanza kesi imefungwa hapo. Lakini kabla ya yote hayo Marekani ilikuwa imepeleka mawakili kubishana kwamba mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, ikashindwa hoja, ndipo ikajitoa. Kwa nini taifa lisiloweza kushurutishwa na yeyote lijisumbue kuajiri mawakili wa kubishania mipaka ya mahakama? Hart aliiwekea sheria ya kimataifa sura ya mwisho ya kitabu chake cha 1961. Kwa mada hiyo, anzia hapo.